Kumwigiza Bibi wa Zamani

Katika igizo la mtu mmoja, binti husimama peke yake mbele ya wenzake na kina mama, akavaa na kusema kama bibi fulani wa historia.

Tuchukue mfano wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa nasaha. Igizo laweza kuanzia hapo: mama anamwita mwanawe na kumweleza kwa nini ameshika kalamu.

Vazi liwe la sitara na la zama zake. Asijifunge kanga ya maandishi, kwani hizo zilikuja baada ya kufa kwake. Maneno nayo yatokane na yanayojulikana. Kumzulia marehemu ni kumsingizia, naye hawezi kujitetea.

Ama wake wa Mtume (S.A.W.) na Masahaba wanawake, sisi hatuwaigizi, tunawasimulia kwa heshima.

Binti aliyejifunza hivi hasahau tena kwamba mabibi zake walikuwa watu wa elimu na kalamu. Wabillahi tawfiq.