Bendi Isiyopiga Makelele

Mtu akihudhuria harusi siku hizi, iwe Ngara au Biharamulo, hurudi nyumbani masikio yakimvuma. Vipaza sauti vimefunguliwa hata maneno ya mwimbaji hayasikiki. Vijana wa bendi hujitetea kwamba muziki wa chini ni wa wazee, na kwamba asiyepiga makelele hapati watu. Sisi twaona kuwa neno hilo si kweli, na ushahidi wetu tutautoa mbali kidogo, kisha tuurudishe nyumbani.

Mwaka 1976, katika Salford na Manchester, Uingereza, vijana wachache wa nyumba za wafanya kazi walianza bendi. Kwanza iliitwa Warsaw, na tangu mwanzo wa 1978 Joy Division. Muziki wao ulikuwa wa makelele na hasira, kama wa wenzao wengi wa siku zile. Mwimbaji wao, Ian Curtis, alikuwa mtumishi wa ofisi ya kazi, akiwatafutia ajira walemavu. Huko alikutana na msichana mwenye kifafa, akatunga wimbo juu yake. Baadaye ugonjwa huo ukampata yeye mwenyewe.

Ndipo bendi ilipogeuka. Katika santuri yao ndefu ya kwanza, ya Juni 1979, msimamizi wa kunasa sauti, Martin Hannett, alipunguza makelele, akaacha nafasi tupu kati ya ngoma na magitaa. Wapigaji wawili, Bernard Sumner na Peter Hook, hawakupendezwa. Walitaka ukali ule ule wa jukwaani. Twawaelewa, maana ni nani apendaye kuambiwa apunguze sauti yake? Lakini katika nafasi ile tupu mahadhi yalianza kusikika. Hook alizoea kulipiga gitaa la besi katika sauti za juu, apate kujisikia katikati ya kishindo cha wenzake. Sasa besi ndiyo iliyokuwa ikiimba. Santuri ya pili, ya Julai 1980, ina giza zaidi, na mahadhi yake ni mazuri zaidi. Curtis hakuiona ikitoka. Alijiua tarehe 18 Mei mwaka huo, naye ana miaka 23.

Mwaka huo huo bendi ya London, Adam and the Ants, ilipata sifa kwa kuweka wapiga ngoma wawili na kuiga mdundo wa Burundi. Hapo ndipo habari hii inapofika mlangoni petu, kwa kuwa Burundi ni jirani wa Ngara, na Kihangaza na Kirundi ni lugha za ndugu. Mdundo uliovuma Ulaya ulinaswa Burundi mwaka 1967 na Michel Vuylsteke. Basi, katika santuri ile ile yenye ngoma, umo pia wimbo wa inanga. Kishindo kilichukuliwa, inanga ikaachwa.

Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa chano, na uzi umepitishwa juu yake huku na huku. Mwimbaji wa wimbo ule haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya kupanda wala kushuka, ila nyuzi hupanda na kushuka kama maneno yenyewe, hata msikilizaji akasadiki kwamba amesikia mtu akiimba. Wahaya nao wana enanga yao, waliyoimbia habari za mashujaa.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji na vita vya Rwanda. Wako wakulima wetu waliowaona kwa macho wakipita. Msiba kama huo utaimbwaje mbele ya vipaza sauti vinavyotikisa mabati? Bendi itakayotaka kujaribu na ianze Jumamosi hii: izime gitaa moja, imwachie mwimbaji ubeti mmoja peke yake, itazame kama ukumbi utanyamaza.