Mkataba wa Ziwa Huanzia Shambani

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma anaposikia habari za mikataba ya kimataifa ya kuhifadhi bahari na viumbe wa majini, aghalabu hudhani kuwa hayo ni mambo ya watu wa Mombasa na Lamu. Yeye amezungukwa na mahindi na miwa. Dhana hiyo si sahihi, na walimu wana wajibu wa kuiondoa.

Mkataba wa Nairobi wa kuhifadhi bahari ya ukanda wetu ulitiwa saini mwaka 1985, ukaanza kutumika mwaka 1996. Mwaka 2010 uliongezewa itifaki juu ya uchafu utokao nchi kavu. Maana yake ni kwamba bahari haihifadhiki ikiwa bara limesahauliwa.

Ndivyo lilivyo Ziwa Victoria, linalomilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Mto Nzoia hukusanya maji ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, hupita Webuye, kisha humwagika ziwani upande wa Budalang'i. Kutoka ziwani maji hushika Mto Nile pale Jinja, na safari yake huishia katika Bahari ya Mediterania.

Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilitia saini mjini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Mwaka 2003 zikaafikiana juu ya itifaki ya bonde zima la ziwa, yaani kila eneo ambalo maji yake hutiririkia humo. Kwa hiyo shamba la Kitale limo ndani ya mkataba huo sawa na ufuo wa Kisumu.

Mtazame samaki aitwaye ningu. Wakati wa mvua huliacha ziwa, akapanda Nzoia na mito mingine ili atage mayai. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zimempunguza mno, na mto uliojaa tope haumfai.

Mkulima alimaye hadi ukingoni hupoteza udongo pamoja na mbolea aliyoinunua kwa bei ghali. Mbolea hiyo hulisha gugumaji na mwani. Mwani ukioza humaliza oksijeni, na samaki hufa. Hata hivyo, si haki kumlaumu mkulima peke yake. Miji na viwanda navyo humwaga uchafu mtoni, na itifaki yasema wazi kuwa mchafuzi ndiye alipaye.

Mwenye shamba dogo atauliza: nikiacha ukingo, nitakula nini? Swali hilo ni la haki. Akipanda nyasi za nepia ukingoni, udongo utashikwa na ng'ombe atapata lishe.

Mwalimu na awapeleke wanafunzi mtoni baada ya mvua, wachote maji kwa chupa ya kioo, wayaache yatulie. Tope litakalotuama ni shamba la mtu, lililokuwa safarini kwenda Budalang'i. Hapo ndipo watakapojua kwamba saini zilizotiwa Kisumu zinawahusu wao pia.