Pikipiki Mpya Imeharibika na Muuzaji Yuko Mbali: Jinsi ya Kudai Matengenezo ya Waranti

Wakazi wengi wa Kaunti ya Machakos hununua pikipiki mbali na nyumbani. Mkazi wa Masinga huenda Thika, wa Mwala huenda Nairobi, na wengine huagiza kutoka Mombasa kwa sababu bei ni nafuu kidogo au masharti ya mkopo ni mepesi. Kununua mbali si kosa. Taabu huja pale injini inapoanza kugonga mwezi wa tatu, duka liko mbali, na fundi wa jirani yuko tayari kuifungua jioni hiyo hiyo.

Kwa mwendeshaji wa bodaboda, siku bila pikipiki ni siku bila mapato. Ikiwa ilinunuliwa kwa mkopo, malipo yanaendelea hata kama pikipiki imeegeshwa nyumbani. Ndiyo maana ni muhimu kujua haki zako, na kujua makosa madogo yanayoweza kukupotezea waranti.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo, na kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) zinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika.

Jukumu hilo ni la aliyekuuzia. Akikuambia, “Nenda kwa kampuni iliyounda, sisi tulikuuzia tu,” jibu hilo halimwondolei wajibu. Umbali kati ya Kithimani na duka lake pia haumwondolei wajibu.

Hata hivyo, usikae kimya. Ukiendelea kutumia bidhaa yenye kasoro kwa muda mrefu bila kumwarifu muuzaji, sheria inaweza kuchukulia kwamba umeikubali. Hapo utakuwa umepoteza nafasi ya kuirudisha, na utabaki na dai la fidia pekee.

Waranti ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza kuuliza kabla ya kulipa, hasa ukinunua mbali. Waranti ni za aina mbili.

Ya kwanza hutolewa na kampuni inayounda au kuingiza pikipiki nchini. Mara nyingi hii hutambuliwa na mawakala wote walioidhinishwa na kampuni hiyo. Huenda basi ukahudumiwa na wakala wa mjini Machakos au Tala, hata kama ulinunua Mombasa.

Ya pili hutolewa na duka lenyewe. Hii kwa kawaida hutekelezwa katika duka hilo pekee, na gharama ya kusafirisha pikipiki huenda ikawa yako. Bei nafuu ya mbali inaweza kumezwa na safari moja ya kuipakia kwenye pikapu.

Kabla ya kulipa

- Omba waranti iliyoandikwa, yenye mhuri wa duka, nambari ya injini na nambari ya chesisi. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.
- Soma muda wake. Waranti nyingi huhesabiwa kwa miezi au kilomita, chochote kitakachotangulia. Mwendeshaji wa bodaboda humaliza kilomita haraka kuliko miezi.
- Uliza kama inahusu pikipiki ya biashara, na jibu liandikwe.
- Uliza ni nani atakayelipia usafiri na kazi ya fundi. Waranti nyingine hulipia kipuri tu.
- Fahamu visivyolipiwa. Tairi, taa, mnyororo, pedi za breki na sahani za klachi kwa kawaida huchukuliwa kuwa vitu vinavyochakaa.
- Lipa kwa nambari ya biashara ya duka, si kwa simu ya mhudumu. Dai risiti rasmi na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Ukishanunua, fanya sevisi kwa wakati na mahali palipoidhinishwa, kisha hakikisha kijitabu chako kimepigwa mhuri kila mara. Madai mengi hukataliwa kwa sababu sevisi ya kwanza ilirukwa, au kwa sababu pikipiki ilibebeshwa mizigo kupita kiasi.

Ikiharibika, fanya hivi

1. Simamisha pikipiki. Ukiendelea kuiendesha, kasoro ndogo inaweza kuwa kubwa, na muuzaji atasema uliiharibu mwenyewe.

2. Usikubali ifunguliwe na fundi asiyeidhinishwa. Hata fundi hodari wa jua kali akiigusa injini, waranti inaweza kukatika.

3. Piga picha ya kasoro na ya kilomita kwenye mita. Kama ni sauti, irekodi kwa video.

4. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Unaweza kumpigia simu, lakini fuatisha ujumbe wa WhatsApp, arafa au barua pepe. Mfano: “Nilinunua pikipiki kwenu tarehe hii, risiti nambari hii. Imetembea kilomita hizi. Injini inagonga na inavuja mafuta. Naomba mniambie ni wakala gani wa karibu na Machakos atakayeitengeneza chini ya waranti, au jinsi mtakavyoisafirisha. Naomba jibu ndani ya siku 7.”

5. Omba njia isiyohitaji safari. Muuzaji anaweza kumwidhinisha wakala wa karibu, au kutuma kipuri. Akikubali, akubali kwa maandishi kabla kazi haijaanza.

6. Unapokabidhi pikipiki, dai karatasi inayoonyesha tarehe, kilomita, kasoro uliyoeleza na jina la aliyeipokea. Ikirudi, pata maelezo ya kilichobadilishwa. Kasoro ikirudi, karatasi hiyo itaonyesha kwamba si jambo jipya.

7. Kama una mkopo, mwarifu mkopeshaji mapema. Usiache kulipa bila mapatano, kwa maana mkataba wa mkopo mara nyingi ni tofauti na ule wa mauzo, na pikipiki inaweza kutwaliwa.

Muuzaji akikataa

Mwandikie barua ya madai ukitaja kasoro, unachotaka na siku ulizompa, kwa mfano 14. Hifadhi nakala.

Ikiwa alikudanganya kuhusu waranti, au kuhusu kupatikana kwa vipuri na mahali pa matengenezo, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza udanganyifu wa aina hiyo.

Kwa kudai pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi ilipowasilishwa. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Kwa kuwa muuzaji yuko nje ya kaunti, uliza kwanza kwenye masijala ya mahakama kama kesi yako itafunguliwa hapa au kule aliko. Beba risiti, waranti, kijitabu cha sevisi, picha na ujumbe wote mlioandikiana. Ukidai mapato uliyopoteza, beba pia rekodi ya mapato yako ya kila siku kabla pikipiki haijaharibika.

Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuamua kesi kama hizi. Mkazi aliyeweka karatasi zake sawa, hata hivyo, mara nyingi hahitaji kufika mahakamani. Leo, kabla pikipiki yako haijaharibika, tafuta risiti na waranti, zipige picha, na uzihifadhi mahali ambapo hazitalowa wala kupotea.