Mchele wa Mofu haupimwi kwa mlio

"Mtaalamu, kifaa kimelia juu ya gunia. Mchele wetu una mionzi?" Swali hili nimeulizwa Mofu, nikaulizwa Ifakara, na muulizaji huwa ameshika kipimo cha mkononi alichoagiza mtandaoni. Ndiyo, mchele una mionzi, tangu enzi za mababu. Ila kifaa hicho hakikuigundua.

Tupige hesabu. Kilo ya mchele mweupe ina takriban gramu moja ya potasiamu, na katika gramu hiyo atomi 31 hivi za potasiamu-40 huvunjika kila sekunde: bekereli 31. Kati ya kila kumi zinazovunjika, ni moja tu inayotoa mwali wa gama. Inabaki miali mitatu kwa sekunde, nayo hutawanyika pande zote. Michache inayopita kwenye kifaa chako, mingi yake haikamatwi. Kinacholiza kifaa ni ardhi unayoikanyaga na miali itokayo angani. Wewe mwenyewe uliyekishika una bekereli 4,000 hivi za potasiamu hiyohiyo mwilini! Maharage nayo yanaupita mchele zaidi ya mara kumi, na hakuna sababu ya kuacha kuyala.

Kifaa kikinyamaza, nako si cheti. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Tangu 2012, baada ya ajali ya Fukushima, Japani hairuhusu chakula cha kawaida kizidishe bekereli 100 za sesiamu kwa kilo. Gunia linaweza kuvuka kiwango hicho na kifaa cha mkononi kisishtuke. Anayekizungusha juu ya magunia na kutangaza mzigo ni salama anawadanganya wanunuzi.

Kipimo nyeti ni fuwele ya jemaniamu iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya kuta za risasi zenye unene wa sentimita 10. Bila kuta hizo ni kama kumsikiliza mbu kando ya mashine ya kukoboa mpunga. Hata risasi mpya ina mionzi yake, ya risasi-210, inayopungua kwa nusu kila miaka 22. Ndiyo maana watengenezaji huitafuta risasi ya kale iliyoopolewa kwenye meli zilizozama. Sampuli hukaa humo saa nyingi, pengine siku nzima, na kila mwali unaonaswa hupimwa nishati yake: kiloelektronivolti 662 ni sesiamu-137, 1,461 ni potasiamu-40.

Kwa hiyo: chukua kilo moja ya mchele mkavu, ifunge vizuri, andika shamba na tarehe, ipeleke Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ukitaka radiamu ipimwe, sampuli hufungwa wiki tatu au nne kwanza. Dai majibu ya bekereli kwa kilo, kwa kila isotopu. Kifaa cha mkononi mwachie anayetafuta chanzo cha mionzi kilichopotea. Kwenye gunia la mchele hakina kazi.