Kwa Nini Fainali za Matarumbeta Zimetia Nanga Indianapolis

Mtoto wako wa sekondari huko Iowa, Texas au Ohio akishashika tarumbeta na kuipenda, hazipiti siku nyingi kabla hujasikia herufi tatu: DCI. Ni Drum Corps International, shirika linalosimamia mashindano ya vikosi vya vijana vya matarumbeta, ngoma na bendera nchini Marekani. Hizi si bendi za shule. Kikosi kimoja kinaweza kuwa na vijana hadi 165, wengi wao wa sekondari na chuo, na kiangazi kizima maisha yao ni barabarani. Usiku wamo ndani ya basi. Alfajiri wanateremka kwenye shule ya mji wasioujua, wanatandika magodoro ya upepo sakafuni katika ukumbi wa michezo, mchana kutwa wanafanya mazoezi juani, jioni wanashindana, kisha basi tena. Wazazi hulipa maelfu ya dola kwa ajili hiyo. Na popote safari inapoanzia, mwisho wake ni mmoja: Lucas Oil Stadium, katikati ya jiji la Indianapolis, Jumamosi ya mwanzoni mwa Agosti.

Wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki na wa Kongo huuliza kwa nini lazima iwe hapo kila mwaka. Wa California anauliza kwa uchungu, maana tiketi ya ndege ni yake. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali.

Fainali za kwanza zilifanyika mwaka 1972 huko Whitewater, mji mdogo wa chuo kikuu katika jimbo la Wisconsin, na Anaheim Kingsmen kutoka California wakaondoka na ubingwa. Mwaka uliofuata zilirudi hapo hapo. Baada ya hapo zikaanza kuhamahama. Ithaca ya New York mwaka 1974, Philadelphia miaka miwili, Denver miwili, Birmingham ya Alabama miwili. Mwaka 1981 na 1982 zilivuka mpaka hadi Montreal, Kanada. Zikaenda Miami, Atlanta, Kansas City, Buffalo, Jackson ya Mississippi, Orlando. Madison, mji mkuu wa Wisconsin, ulizipokea mara saba kati ya 1985 na 2006, na hadi leo wapo mashabiki wazee wanaouona mji ule kuwa ndiyo nyumbani hasa.

Kuhama kulikuwa na raha yake. Kila eneo la nchi lilipata zamu, na mtu asiyeweza kusafiri mbali alijua kwamba iko siku fainali zitamsogelea. Lakini kila mji mpya ulikuwa mwanzo mpya. Meneja wa uwanja hajawahi kuona vijana 150 wakiingia na ngoma, marimba na vipaza sauti ndani ya dakika chache. Polisi wa barabarani hawajui mabasi na malori yote hayo yataegeshwa wapi. Waandaaji walijifunza mji, wakauzoea, kisha wakauacha na elimu yao yote ikabaki nyuma.

Ndipo DCI ikaingia mkataba wa muda mrefu na Indianapolis, uanze mwaka 2008 kwenye uwanja mpya uliokuwa ukijengwa, na ofisi zake zikahama kutoka Illinois kwenda huko huko. Mwaka wenyewe ulipofika, uwanja haukuwa tayari. Fainali zikapelekwa Bloomington, karibu kilomita 80 kusini, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Indiana. Phantom Regiment wakashinda huko kwa tofauti ya pointi 0.025 dhidi ya Blue Devils, chini ya anga wazi, na wengi waliokuwapo husema hawajaona usiku mwingine kama ule. Lucas Oil Stadium ulifunguliwa baadaye mwezi huo huo. Kuanzia 2009 fainali hazijahama. Mwaka 2020 zilifutwa kwa sababu ya Covid, na 2021 vikosi vilikutana kwenye uwanja ule ule kwa maonyesho tu, bila pointi za majaji.

Kwa nini jiji hili na si lingine? Mwishoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa Indianapolis waliamua kwamba jiji lao, lililokuwa likidharauliwa kama mahali pa kupita tu, litajijenga kwa michezo. Mwaka 1979 waliunda Indiana Sports Corporation, taasisi ambayo kazi yake ni kutafuta mashindano na kuyaandalia makao. Walianza kujenga uwanja wenye paa, Hoosier Dome, kabla hawajapata hata timu ya kuutumia. Colts, timu ya futiboli ya Kimarekani, wakahamia kutoka Baltimore usiku mmoja wa Machi 1984. Mwaka 1987 jiji likapokea Michezo ya Nchi za Amerika. Mwaka 1999 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, kikaleta makao yake makuu. Jiji ambalo limeshafanya kazi hiyo kwa miongo linajua namna ya kumpokea mgeni anayekuja na watu wengi na fedha chache, na vikosi vya matarumbeta ni mgeni wa aina hiyo hasa.

Muziki nao ulikuwa umeshajenga makao katika jimbo la Indiana. Elkhart, kaskazini mwa jimbo hilo, umekuwa mji wa viwanda vya ala za kupuliza tangu kampuni ya Conn ianze huko katika karne ya 19. Kutoka Bloomington kilitokea kikosi cha Star of Indiana, kilichotwaa ubingwa wa 1991 na baadaye kikazaa onyesho la Blast! lililofika Broadway. Fainali za kitaifa za bendi za sekondari, zile za Bands of America, hufanyika kwenye uwanja huo huo kila Novemba. Basi dereva, mlinzi wa lango na mpanga ratiba wa uwanja wanaijua kazi kabla hawajaelezwa.

Kuna jambo ambalo mtazamaji wa jukwaani halioni, nalo kwangu ndilo linaloamua. Wiki ya fainali vikosi vingi huwa mjini kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinahitaji shule yake: ukumbi wa kulala zaidi ya watu mia mbili ukihesabu walimu na wapishi, mabafu, maegesho ya malori ya jikoni, na uwanja wenye mistari ya futiboli ya Kimarekani. Jiji lenye uwanja mzuri wa taifa lakini lisilo na shule za kutosha zinazokubali wageni haliwezi kazi hii. Indianapolis imezungukwa na shule za aina hiyo, na barabara kuu nne, ya 65, ya 69, ya 70 na ya 74, hukutana hapo, hivyo basi linalotoka Massachusetts na lile linalotoka Texas yote yana njia. Uhusiano na mkuu wa shule hujengwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza anakupa ukumbi kwa mashaka. Wa tano anakuachia funguo. Kikosi kinachojua tangu Januari kitalala wapi Agosti kinamlinda mtoto wako vizuri zaidi kuliko kile kinachotafuta shule Julai.

Hata hivyo upo mkwamo. Shule nyingi za Indiana hufunguliwa mwishoni mwa Julai au siku za mwanzo za Agosti, yaani wanafunzi wanarudi darasani wakati vikosi vinataka kumbi. Atakayejadili mkataba ujao aanze na kalenda za shule kabla ya kuzungumzia bei ya uwanja.

Lalamiko linalosikika zaidi ni la sauti. Vikosi hivi vilizaliwa nje, penye upepo, na paa la Lucas Oil Stadium, ingawa linaweza kufunguka, wakati wa fainali mara nyingi limefungwa. Tarumbeta zinagonga ukuta wa nyuma na kurudi kama mwangwi. Tatizo ni kubwa zaidi kwa wachezaji wenyewe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Vijana wawili waliosimama mita 73 mbali na kila mmoja, umbali wa kawaida kwao, wanatenganishwa na sehemu ya tano ya sekunde, na kwenye mwendo wa mapigo 160 kwa dakika huo ni zaidi ya nusu ya pigo. Nje wamejifunza kufuata ngoma zilizo nyuma yao badala ya kinachosikika mbele. Ndani, mwangwi huwachanganya tena. Ndiyo maana Alamodome ya San Antonio, nayo yenye paa, ina thamani kubwa katika ratiba ya Julai: huko vijana huuzoea mwangwi kabla ya fainali.

Nakubali kwamba muziki unapoteza kitu. Lakini mvua na radi za Agosti katikati ya Marekani si mzaha, na fainali za nje huweza kukatizwa au kuahirishwa wakati kijana wa miaka 21 ana usiku mmoja tu uliobaki kabla kikomo cha umri cha vikosi hivi hakijamtoa. Kati ya mwangwi na kumnyima usiku huo, nachagua mwangwi.

Lalamiko la pili linanigusa zaidi. Blue Devils, wenye mataji mengi kuliko kikosi kingine chochote, ni wa Concord, California. Mara ya mwisho fainali kufika jimbo lao ilikuwa 2007, Rose Bowl ya Pasadena, nao wakashinda mbele ya watu wao. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi. Beni, zile ngoma za mashindano zilizoiga bendi za kijeshi, ambazo Terence Ranger aliziandikia kitabu mwaka 1975, zilipata nguvu kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na upande wake, Marini au Arinoti, na ulitoka nje kuutetea. Fainali zikikaa mahali pamoja, jirani na ndugu wa mtoto wanaachwa mbali. Hasara hiyo ingepunguzwa kama mashindano makubwa ya Julai, ya San Antonio na Atlanta, yangekuwa na mwenzao wa uzito huo huo pwani ya magharibi.

Kwingineko nako makao ya kudumu yameshika mizizi. Kerkrade, mji mdogo wa Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani, umeandaa shindano la dunia la bendi tangu 1951, na wasomaji wetu wa Ubelgiji na Uholanzi wanaweza kulifikia kwa treni. Dayton, Ohio, umekuwa kwa miaka mingi nyumbani kwa fainali za vikosi vya ndani vya bendera na ngoma, na yote miwili ni miji ambayo mgeni asingeifikiria kwanza.

Kwa anayekwenda Indianapolis mara ya kwanza, Alhamisi ndiyo siku ya mchujo. Inaanza asubuhi na utaviona vikosi vingi zaidi, vikiwemo vile vidogo vilivyotoka kushindana katika mji wa Marion siku chache kabla. Ijumaa vinabaki 25, Jumamosi 12. Usinunue kiti cha chini karibu na mstari hata kama kinaonekana cha heshima: huko michoro ya uwanjani haionekani vizuri. Panda juu, upande wa majaji, karibu na katikati. Kama mtoto wako anacheza, muulize mapema kikosi kinalala shule gani, maana mazoezi ya asubuhi mara nyingi yako wazi kwa wazazi, na jikoni huwa wanahitaji mikono ya kukata vitunguu.