Marehemu Alikuwa Jumuiya Gani?

Ukipeleka taarifa ya msiba katika parokia nyingi za Kikatoliki Tanzania, hukawii kuulizwa: marehemu alikuwa jumuiya gani? Wafiwa wasiojua hutazamana, kisha mmoja hutoka nje kupiga simu.

Hapo mwanzo swali hilo lilikuwa la huruma. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakakubaliana kulijenga Kanisa kuanzia jumuiya ndogo ndogo. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na Misa ya Jumapili haimjulishi mtu jirani yake. Tanzania mbegu hiyo iliangukia shamba lililokwisha kulimwa, maana mwaka 1962 Nyerere alikuwa ameandika kwamba ujamaa ni kuutanua undugu uvuke ukoo. Basi Mhaya, Mngoni na Mchaga wakakaa mkeka mmoja, wakisoma Injili nyumba kwa nyumba. Mtu aliyehamishwa kikazi, asiye na shangazi wala binamu mji mzima, alipata wa kumpikia mkewe uji akijifungua.

Onyo lilikuja mapema. Sinodi ya Afrika iliyofanyika Roma, Aprili 10 hadi Mei 8, 1994, ililiita Kanisa Familia ya Mungu. Siku hizo hizo nchini Rwanda, nchi ya Wakatoliki wengi, watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Jina zuri la familia halikumzuia jirani kushika panga.

Kwetu undugu haukufa kwa panga. Naona umedhoofishwa na daftari. Jumuiya imekuwa dirisha la ofisi: mtoto abatizwe, pata barua ya mwenyekiti, unafunga ndoa, pata barua, bahasha ya zaka na mchango wa ujenzi hupitia huko huko. Asiyeonekana anajulikana, na hesabu yake hutolewa siku ya jeneza. Ukoo hauna daftari la mahudhurio. Mjomba mlevi aliyeitelekeza familia miaka 10 bado huzikwa na nduguze, wakimsema huku wanachimba kaburi.

Viongozi wana hoja yao, na si ya kupuuza. Bila masharti, wanasema, watu wangekuja wakiwa na maiti tu, na mzigo ungebaki kwa akina mama wale wale watano. Ni kweli. Lakini dawa hiyo imeleta ugonjwa mwingine: mtu anahudhuria ili asije akakosa padre wa kumzika, kama anayelipia bima.

Na mji nao umebadilika. Mpangaji anahama kodi ikipanda, na kila anakohamia anaanza upya kama mgeni. Jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, saa ambayo mama lishe yuko motoni na mlinzi wa usiku hajatoka lindoni. Hao ndio walio mbali na jamaa zao kuliko wengine wote, na mkeka ule ulitandikwa kwa ajili yao.