Mtoto akilia kwa gesi, chunguza kwanza anavyonyonya

KATIKA nyumba za Kisii na Nyamira, kilio cha mtoto mchanga hakiachwi kiendelee. Mtafiti Mmarekani Robert LeVine na wenzake, waliochunguza malezi ya Wagusii katika miaka ya 1950 na 1970, walieleza jinsi mama alivyokuwa akimchukua mtoto mara alipolia, akamnyonyesha au kumbembeleza hadi atulie.

Desturi hiyo ni njema, ila titi la haraka huweza kuficha chanzo cha maumivu. Mtoto anayekamata ncha ya chuchu pekee humeza hewa, tumbo likajaa, naye akakunja miguu na kulia uso ukimwiva. Mlio kama wa kidoko anaponyonya, pamoja na chuchu za mama kuchubuka, ni dalili tosha. Mdomo wake upanuke, ushike pia sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, kidevu kikigusa titi. Maziwa yakitoka kwa kasi, mama aegemee nyuma.

Akishashiba awekwe wima begani na kusuguliwa mgongo taratibu hadi apige mbweu.

Uji wa wimbi na mitishamba, ambayo nyanya wengi huiamini, haifai kabla ya miezi sita. Kilio kisicho na sababu hukithiri wiki ya sita hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa nne.

Matapishi ya kijani, homa ya nyuzi 38, damu kinyesini au kukataa kunyonya si gesi. Huyo apelekwe hospitali papo hapo, hata ikiwa usiku.